Mbegu kwenye Kioo cha Gereji

Mafuta ya mkaratusi ndiyo yaliyoniponza. Mama alikuwa ameyatia kwenye ndoo ya maji ya moto, kama wafanyavyo Waaustralia wanapotaka kubandua uchafu sugu, na harufu yake ikanikuta mlangoni mwa gereji nimeshika matambara. Tulikuwa tunahama. Nyumba hii ya kupanga ya Seven Hills, tuliyoingia nikiwa bado nang'oka meno ya utotoni, ilitakiwa irudi kwa wakala safi kama mpya, na dirisha la gereji ndilo lililokuwa limebaki. Kwa ndani halikuwa limeoshwa tangu Baba afariki. Hakuna aliyewahi kusema lisioshwe. Lilikaa tu nyuma ya maboksi na sisi tukajifanya hatulioni.

Nilivuta ile harufu mara moja, nikakaa chini kwenye saruji. Mama aliniangalia akadhani nimechoka. Aliniambia ninywe maji, maana kwa Mama hakuna ugonjwa duniani usioanza na kutokunywa maji.

Walionizidi umri kidogo na walionifuata wana kumbukumbu nyingine za majira yale ya baridi ya korona, tulipofungiwa majumbani, lakini sisi wa rika langu tuliokulia magharibi mwa Sydney tunayakumbuka kwa masikio. Helikopta ya polisi ilizunguka juu ya mapaa yetu mchana kutwa. Treni ya kwenda Blacktown ilipita tupu, ikipiga honi bila abiria wa kupigiwa. Kila asubuhi wakubwa wa serikali walisimama kwenye televisheni wakatusomea namba, halafu Mama akazima na kusema tuombe. Shule ilikuwa kompyuta niliyoazimwa, juu ya meza ya jikoni, katikati ya vitunguu.

Wakati huo ndipo tulipofundishwa kuchora molekuli kwa njia ya Lewis. Kwa aliyesahau: unaandika herufi ya atomu, unaizungushia nukta, na kila nukta ni elektroni moja ya ukingoni. Atomu mbili zikichangia nukta mbili, unaziunganisha kwa mstari. Kila moja inataka kutimiza nane, isipokuwa haidrojeni, ambayo imeridhika na mbili. Nilichora maji, nikachora amonia, nikachora hewa ukaa yenye mistari miwili kila upande. Nilizipenda zile nukta kupita kiasi, na nitasema kwa nini. Nje kila kitu kilibadilika kila siku, leo ruhusa, kesho marufuku, lakini nukta ukizihesabu zikitimia zimetimia. Hazina ubishi. Na mimi ni mbishi, kwa hiyo najua thamani ya kitu kisichobishika.

Baba alikuwa dereva wa folklifti kwenye ghala la vyakula. Alirudi jioni, akavua viatu nje, akaoga kabla ya kumgusa mtu, kisha akaja kuchungulia juu ya bega langu. Kemia kwake ilikuwa shimi, Kifaransa cha shule aliyoiacha Uvira, Kongo, vita vilipoingia.

"Mama, unapanda mbegu gani hapo?"

Jina langu, Sifa, ni la mama yake mzazi, kwa hiyo tangu nizaliwe hakuwahi kuniita kitu kingine. Nilimjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yetu watoto wa huku, kwamba zile si mbegu, ni elektroni. Alikataa. "Hizo ni mbegu. Na bibi yako angesema umezipanda karibu karibu sana." Tangu siku hiyo nukta zikawa mbegu nyumbani kwetu, na hata kwenye jibu moja la shule niliandika mbegu, mwalimu akaniuliza ni neno la lugha gani.

Halafu Baba akaanza kukohoa. Majibu ya kipimo yalipokuja kwenye simu alibeba godoro mwenyewe akaenda nalo gereji, asije akatuambukiza. Mama naye alizuiwa kwenda kazini kwake, nyumba ya kutunzia wazee, na mimi nikafungiwa pamoja naye ndani. Chakula tuliweka nje ya mlango mdogo wa gereji, tukagonga, tukakimbia. Mgonjwa haulizwi uji, lakini Baba alikuwa anaulizwa kila saa, kwa simu, na kila saa alijibu kwamba angependa nyama.

Dirisha la gereji linatazama uani, penye kamba ya nguo. Niligeuza kreti la maziwa nikalifanya kiti, nikahamishia shule yangu pale. Yeye ndani amekaa kwenye godoro, mimi nje na koti, kioo katikati, simu zetu zote mbili zimewekwa sauti kubwa. Mama alikata matawi ya mkaratusi wa jirani yaliyoinama juu ya ua wetu, akayachemsha, akampelekea sufuria ajifukize. Baba alifurahi kweli alipogundua kwamba mti ule asili yake ni huku. "Kule kwetu tulidhani ni mti wa Wabelgiji," alisema. "Kumbe tumeufuata hadi nyumbani kwake." Mvuke ukajaa gereji, kioo kikafunga ukungu kwa ndani, na katika ule ukungu alichora kwa kidole chake maji, H na O na H, na mbegu zake. Alikosea, akafuta kwa mkono, akarudia. Ndivyo tulivyoshinda siku zile. Ningedanganya nikisema zilikuwa za huzuni. Sikuwahi kumpata Baba kwa muda mrefu namna ile, hana zamu, hana kanisa, hana wageni.

Kulikuwa na kifaa kidogo cha kubana kwenye kidole kilicholetwa mlangoni na watu wa afya. Kinapima kama hewa inafika kwenye damu; namba ikishuka chini ya tisini, ni hospitali. Kila siku nesi alipiga simu akauliza namba, na kila siku Baba akasoma namba nzuri, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo kanisani. Asubuhi moja nilikuwa kwenye kreti langu wakati anaongea na nesi. Alisoma tisini na ngapi sijui. Mimi nilikuwa nakiona kidole chake kupitia kioo, na namba iliyowaka pale haikuanza na tisa. Nikainua macho nikakutana na yake. Aliweka kidole mdomoni, kunisihi ninyamaze.

Sikunyamaza. Nilikimbia jikoni nikamwambia Mama.

Mama alipiga simu ya ambulansi. Baba aliposikia, akafunga mlango kwa ndani, komeo la juu na la chini. Mama alisimama nje ya mlango ule na kanga yake juu ya koti la kazini.

"Fungua, Baba Sifa. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Maradhi sijayaficha. Yako hapa, tunaangaliana. Ninachokataa ni ile oksijeni."

Ndipo nikaisikia habari yote. Nilijua nilikuwa na baba mdogo aliyefariki Uvira kabla sijazaliwa, lakini sikujua ameondokaje. Baba alisema hospitali ile ilikuwa na mtungi mmoja wa oksijeni kwa wodi nzima, na ulikaa umefungwa kwa mnyororo. Mtungi ulikuwa na magurudumu mabovu. Wagonjwa wakisikia magurudumu yanakuja walianza kuomba, maana mtungi ukisimama kwenye kitanda, kesho kitanda hicho ni kitupu. Ulisimama kwa ndugu yake, yeye akiangalia. "Oksijeni ni chakula cha safari," Baba alisema. "Hawampi mtu anayebaki."

Si yeye peke yake. Watu wetu wengi waliliamini hilo, na kwa haki, maana kwa macho yao hawakuwahi kuona mtungi ukienda kwa mtu ukamrudisha. Siku ile ile Mama Riziki wa kanisani alikuwa amemtumia Mama ujumbe wa sauti: mkimpeleka, kataeni ile ya puani, wengine wote walioivaa hatukuwaona tena.

"Kazini kwangu wazee wanalala nayo puani," Mama alimwambia kupitia mlango, "asubuhi wanaamka wanagomba chai imepoa."

"Mapafu ya wazungu yamezoea mashine."

Mama alicheka bila kutaka, halafu akalia. Watu wa ambulansi walikuwa wamemweleza kwamba wakifika, mtu mzima mwenye akili timamu akikataa kuondoka, hawawezi kumbeba kwa nguvu. Kwa hiyo ilibaki hivyo: ama akubali mwenyewe, ama tumtazame akizimika nyuma ya kioo. Mama aliingia ndani kwenda kumpigia simu mchungaji. Mimi nikachukua kalamu nyeusi ya ubao, nikarudi dirishani.

Niligonga kioo. Alikuwa ameketi ameegemea boksi, mabega yanapanda na kushuka kama ya mtu aliyepandisha mlima. Nilichora O mbili kubwa. Kwa haraka na woga nikaweka mstari mmoja katikati, nikazungushia mbegu.

"Hii nini?" sauti yake ikatoka kwenye simu.

"Oksijeni."

Alisogea karibu na kioo. Akahesabu kwa kidole, taratibu, akipumzika kati ya mbegu na mbegu. "Huyu ana saba," alisema. "Na mwenzake saba. Si ulisema kila mtu lazima apate nane?"

Niliona aibu, nikafuta kwa mkono wa sweta. Nilichora upya, mistari miwili katikati, mbegu nne kila upande. Alihesabu tena akaitikia kwa kichwa. Hapo ikabidi niseme kwa Kiswahili, na Kiswahili changu kilikuwa cha kuomba chumvi na kusalimia wageni. Sikuwa na maneno ya jambo kama lile. Nilisema hivi hivi nilivyoweza.

"Baba, hii ndiyo unavuta sasa. Hata kwa miti, hata kwa uani hapa. Si dawa. Si kitu ya kufa."

"Hii hii? Ya bure?"

"Ya bure. Kwa mtungi ni hii hii, wamekusanya tu nyingi."

"Na baba yako mdogo?"

"Haikumuua. Ilichelewa."

Kule juu helikopta ilipita, tukasubiri ipite, maana haikuwa rahisi kusikilizana. Halafu akauliza kama mwalimu wangu ndiye aliyesema hayo, nikasema ndiyo. Akaniuliza kama nina hakika na ile mistari, miwili kweli, nikasema nina hakika. Kwa kidole akaufuatisha mchoro wangu kutoka upande wake, juu ya ukungu, O na mistari na O, na mbegu zake. Molekuli ile inasomeka sawa kutoka ndani na nje, na mimi kwa utoto wangu nilifurahi kwamba sikulazimika kuandika kinyumenyume ili aelewe.

"Nenda ndani uvae kitu," alisema. "Mikono yako imekuwa ya bluu."

Nilipopita jikoni Mama alikuwa na simu sikioni, amenipa mgongo. Nilidhani ni mchungaji.

Niliporudi uani mlango wa gereji ulikuwa wazi. Baba alikuwa amesimama pale amevaa suti yake ya kijivu ya kanisani, viatu vyeusi vimefutwa, na tai. Nguo zile zilikuwa kwenye maboksi mle gerejini, tulikuwa hatuna kabati la kutosha. Nilicheka. Mnawajua wanaume wetu wa Kongo, hata kununua mkate wanataka pasi, nikaona hata ugonjwa haujamshinda kupendeza. Watu wa ambulansi walikuja na mavazi yao ya plastiki, wakamketisha, wakamfunga kitu puani pale pale, na hakukataa. Aliponipita, kwa umbali walioturuhusu, alisema, "Umesoma vizuri, mama."

Nilitembea kifua mbele. Niliwaambia wenzangu kwenye kompyuta kwamba nimemshawishi baba yangu kwa mchoro mmoja. Siku za mwanzo alituma picha akiwa na barakoa ya oksijeni, macho yanacheka. Nikamwonyesha Mama, nikamwambia unaona? Kisha picha zikakoma. Kisha akapiga nesi, akashika simu juu ya uso wa Baba ili tumuage. Alikuwa amelala, mashine inampumulia. Sauti ya mashine ile sitaieleza. Tulimzika watu wachache, tumeachana nafasi, na matanga tuliyafanya kwa simu, kila mtu analia kwenye kijisanduku chake cha kioo. Ruhusa ilipotoka wanawake wa kanisani walikuja kuosha nyumba kama desturi inavyotaka, ili kilio kiondoke. Waliosha kuta, mapazia, vyungu, wakafua hata mazulia. Walipofika gereji Mama akasema huko acheni, kuna maboksi tu. Naamini ndiyo maana kilio hakikuondoka. Kilipata pa kukaa.

Nimeishi nacho. Nikipanda basi asubuhi ya baridi, ukungu wa kioo ukiwa mbele yangu, siwezi kuuangalia bila kutafuta mbegu. Nimekuwa mtu mzima, nimesoma shimi mpaka chuo, na bado kuna siku nasikia nyuma yangu mtu anauliza kwa pumzi fupi, ya bure? Nageuka. Hakuna mtu. Kilichoniwezesha kulala miaka yote hii ni jambo moja tu: kwamba alinielewa. Alichelewa, mapafu yalikuwa yameshaharibika, hilo nimelikubali. Lakini aliondoka hana hofu. Nilimwondolea hofu kwa kalamu ya ubao, na wakati mwingine, Mungu anisamehe, nilijivunia.

Sasa nimekaa sakafuni, Mama ameisukuma ndoo chini ya dirisha, na mvuke wa mkaratusi unapanda kwenye kioo. Ukungu ulipofunga, ulifunga kila mahali isipokuwa pale kidole chake kilipopita na kuacha mafuta yake. O. Mistari miwili. O. Na mbegu, zote, nne kila upande. Mimi niliuona mchoro ule siku ile kama kufuatisha tu, lakini pembeni palikuwa na mwingine, mdogo zaidi, aliouchora mwenyewe nilipokwenda kuvaa. Nao ulikuwa sahihi.

"Mama, angalia," nilisema. "Alielewa."

Mama aliangalia. Alikaa juu ya boksi, akakunja tambara lake vizuri, akalikunjua.

"Nilitaka nife na neno hili," alisema. "Lakini tunaiacha nyumba, na sitaki kulihamisha. Siku ile alinipigia simu, ulipoingia kuvaa."

"Nilidhani ni mchungaji."

"Ni yeye. Aliniambia, 'Mama Sifa, mimi najua ninakokwenda. Nimeshaona mtungi ule. Lakini mtoto amesimama kwenye baridi anachora mpaka mikono imekuwa ya bluu. Sitaki akue akikumbuka kwamba alinifundisha nikakataa.' Halafu akaniuliza suti yake iko kwenye boksi gani."

Ile suti. Nilikuwa nimeicheka ile suti. Mtu alijivalisha mwenyewe nguo za kuzikwa, akafuta viatu, akafungua makomeo mawili akatoka kwenda kule alikoamini ni mwisho wake, kwa sababu mimi nilimwomba, na akanisifu masomo njiani. Hofu yote alikuwa nayo. Hakuna hata tone nililomwondolea. Nililia kwa sauti ambayo sikuwahi kulia msibani, na Mama akaniacha nilie.

Baadaye, nje, gari la wakala lilisikika likipunguza mwendo. Mama akaninyooshea tambara.

"Futa, mama," alisema. Hajawahi kuniita hivyo, lilikuwa neno la Baba.

Nilisimama mbele ya dirisha, upande wake. Miaka yote nilikuwa nimelikumbuka kutoka nje, nikimtazama yeye. Kupitia ile O ya kwanza niliiona kamba ya nguo, na chini yake lile kreti la maziwa, bado lipo, limegeuzwa, linangoja mtu akae. Ni karibu sana na kioo. Alikuwa ananiona vizuri kabisa.

Nilizihesabu mbegu mara moja zaidi, kisha nikafuta.